Maisha ya Kaka, Mhesabu Moshi wa Nchi

Ndugu waombolezaji, poleni kwa safari na poleni kwa jua hili. Karatasi hii imeandikwa na familia, na anayewasomea ni mdogo wake marehemu, yule mwenye kiwanda cha mbao.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda hicho, wakati huo kikiwa cha baba, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, akaanza shule ya msingi mwaka 1969, sekondari mwaka 1976, kisha chuo cha misitu, alikohitimu mwaka 1985 na kurudi nyumbani na miwani na ubishi.

Mwaka 1988 aliajiriwa ofisi ya mazingira, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha lisilofungika, na baadaye akapewa kazi ya kuhesabu hewa chafu ya nchi nzima, moshi wa magari, wa viwanda, wa majalala, hata gesi ya ng'ombe wakicheua, jambo lililowavunja watu mbavu, wakamwita Mzee wa Moshi, naye akaitika.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990 na mshonaji wa mtaa wa pili, na siku hiyohiyo akamgombeza mpishi kwa kuni mbichi. Walijaliwa mabinti wawili, mwalimu na fundi umeme, nao wako hapa.

Mwaka 2016 nchi ilitia saini mkataba wa kimataifa, ikaahidi kupunguza hewa chafu hiyo kwa robo ifikapo 2030, na sehemu kubwa ya ahadi iliegemea msitu mmoja wa mlimani usikatwe, msitu ambao marehemu aliukwea kila mwaka kuukagua kwa macho yake, mpaka figo zilipomlaza mwaka 2019, akawa anamtuma mdogo wake, ambaye alirudi akasema miti ipo, naye akaandika ipo, miaka minne mfululizo.

Agosti 2023 wakaguzi wa mkataba walileta picha zilizopigwa kutoka angani, mlima ni kipara kitupu, marehemu akaulizwa nani alikwenda kule, akajibu ni yeye, akasimamishwa kazi, mtaani wakasema kapika takwimu, naye akamtazama mdogo wake mara moja tu, hakumuuliza kitu. Alifariki wodini tarehe 3 Februari 2024, saa tano asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari wa figo, majirani waliompeleka kliniki kwa zamu, na wafanyakazi wenzake, ingawa wamekaa kule nyuma kabisa.

Jamani, hapa pameandikwa kwamba marehemu alikosea hesabu, na msomaji hawezi kulisoma hilo, maana miti ile ilipita kwenye msumeno wa msomaji mwenyewe, tangu mwaka ule wa kwanza, na kaka alijua siku picha zilipoletwa, akamficha. Ninyi wa chumba kile cha ghorofa ya tatu, tafadhali rekebisheni faili lake, marehemu hakukosea hesabu, alimwamini mdogo wake.

Kaka, pumzika, aibu hii sasa anaibeba mdogo wako mwenyewe.