Methusela Wawili wa Daftari la Wapagazi

Njombe, Juni 1958

Mheshimiwa Bwana Shauri, Mtwa, chifu wetu, pamoja na majumbe wako, Baba Mchungaji uliyetoka misheni ya Kidugala, makarani wenzangu, wazee, akina mama, na ninyi mliopanda lori Makambako tangu alfajiri katika baridi hii: kamwene.

Nimeambiwa kwamba mtu anayestaafu husifiwa kwanza, kisha hushukuru, kisha huketi. Sifa nimezisikia. Bwana Shauri amesema kwamba kwa miaka thelathini na mbili Kristofa Mgaya hakupoteza hata karatasi moja. Ni kweli, karatasi sikupoteza. Lakini nilimpoteza mtu, na kabla sijakabidhi funguo nataka niwaeleze nilivyompoteza na jinsi alivyopatikana. Mama mwenye habari hii nimemwomba ruhusa. Amenipa kwa sharti moja tu, kwamba nisimsimulie kama mtu wa kuhurumiwa. Nitajitahidi.

Mwaka 1926 nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikiringia mwandiko wangu kuliko kitu kingine chochote duniani. Nikapewa kazi ya kunakili daftari la wapagazi wa vita, wale waliochukuliwa mwaka 1917 kuwabebea askari mizigo kuelekea Mahenge, kwa sababu daftari lenyewe lilikuwa limeliwa na mchwa. Kila mpagazi alikuwa na namba yake, jina, mahali alipotoka, alama ya mwilini, na mwisho wa mstari jambo lililompata: aliachiliwa, alitoroka, au alifariki. Namba 112 ilisema Methusela, Mkristo wa Kidugala, na mwisho wa mstari wake palikuwa na tundu la mchwa. Namba 117 ilisema Methusela, Mkristo wa Kidugala, aliachiliwa, amekwenda Ukinga.

Nilipaswa kufanya nini? Kuuliza. Sikuuliza. Nilijiambia kwamba karani wa vitani alikuwa na haraka, akamwandika mtu mmoja mara mbili. Alama za mwilini nilizipita bila kuzisoma. Nikaiacha namba 112, nikaandika 117 kwa wino mweusi, nikapiga mstari kwa rula. Ukurasa ulipendeza sana.

Mwaka uliofuata akaja ofisini mwanamke wa Kitandililo, jina lake Ema, amemshika mkono binti yake wa miaka kumi, Tabea. Alinieleza kwamba mumewe, Methusela, alichukuliwa upagazi mtoto huyo akiwa bado tumboni, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona. Sasa seremala mmoja wa Kidugala, aitwaye Yosefu, alikuwa ameleta posa, na wazee wa kanisa walimtaka Ema alete neno la serikali kwamba yeye ni mjane. Nilifungua daftari langu jipya. Sikutumia hata dakika tano. Nikamwambia mumewe hakufa, aliachiliwa akiwa mzima, akaenda zake Ukinga.

Hakulia. Aliniomba nisome tena, nikasoma tena. Akauliza kama daftari linaweza kukosea.

“Daftari la serikali halikosei, mama,” nikamjibu.

Nimejibu watu maelfu katika ofisi ile. Jibu hilo ndilo ninalolala nalo.

Haukupita muda, wasafiri wakaleta habari kwamba kule Makete, huko huko Ukinga, yupo kweli Methusela aliyerudi vitani, mtu asiye na ndugu, anayesema Kikinga chenye sauti ya Kibena, na amemwoa mwanamke aitwaye Telesia. Basi, nani angebisha tena? Yosefu alingoja miaka miwili, akaoa kwingine. Ndugu za Ema walitaka kumfuata yule mtu hadi Makete wamlete kwa nguvu. Ema akawazuia, akasema aliyekwenda kwa miguu yake atarudi kwa miguu yake. Akalima peke yake, akamsomesha Tabea, akamwoza, akapata wajukuu, na jina la Methusela halikutajwa tena nyumbani mwake.

Ndugu zangu, mambo hayo yangeishia kaburini kama si vijana wawili kupendana. Mwaka jana Efraimu, mwana wa Tabea, ambaye ni mwalimu, alipeleka posa kwa wazazi wa binti aitwaye Yudita, waliohamia Lyamkena kutoka Makete. Wazee wakakaa, wakaulizana koo kama ilivyo desturi. Walipofika kwa babu yake Yudita, baba mzaa baba, ikatajwa kwamba aliitwa Methusela, alikuwa mpagazi wa vita, naye alihamia Makete baada ya kuachiliwa. Tabea akamwita mwanawe pembeni, akamwambia kwamba baba yake Yudita ni ndugu yake yeye kwa baba, na kwamba damu moja haioani. Posa ikarudishwa.

Efraimu akaja kwangu. Hakuja kugomba. Aliomba tu kuliona daftari lenye jina la babu yake, nami nikamwekea mezani lile la mwandiko mzuri. Alipitisha kidole polepole, kama walimu wanavyosahihisha, kisha akainua macho.

“Baba Karani,” akasema, “baada ya mia na kumi na moja naona mia na kumi na tatu. Mia na kumi na mbili alikuwa nani?”

Miaka thelathini daftari lile lilikaa wazi mbele ya watu, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Hata mimi sikuwahi kujiuliza.

Niliingia stoo nikatoa sanduku la mabati, na ndani yake daftari la zamani na mchwa wake. Chini yake palikuwa na kijitabu chembamba ambacho sikuwahi kukifungua, kwa kuwa hakuna aliyeniagiza. Kilikuwa orodha ya mazishi ya kambi ya wagonjwa, iliyoandikwa na mganga wa wapagazi, si kwa majina bali kwa namba. Namba 112: kuhara damu, tarehe 9 Novemba 1917, amezikwa kambini. Nikarudi kwenye daftari la zamani, nikasoma alama nilizozipita ujanani. Namba 112 alikuwa na kovu la moto begani. Namba 117 hakuwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

Sikutaka kukosea mara ya pili. Nilikwenda Kidugala, na Baba Mchungaji huyu mnayemwona hapa akanifungulia kitabu cha ubatizo. Methusela walikuwa wawili. Mmoja alibatizwa mwaka 1911, mtu wa Kitandililo, mume wa Ema. Wa pili alibatizwa mwaka 1913, yatima kutoka Lupembe. Ndipo mimi na Efraimu tukafunga safari ya siku mbili kwenda Makete kumwona bibi Telesia, ambaye mumewe alikuwa amekwisha kufariki. Sikumwambia daftari linasema nini. Nilimwomba tu anieleze mikono ya marehemu ilikuwaje.

Bibi Telesia aliinua mkono wake wa kushoto, akakunja kidole kidogo. Akasema shoka lilikichukua marehemu akiwa mtoto, huko Lupembe. Kisha akaniuliza kwa nini nauliza, nikamweleza.

“Mume wangu aliyasikia maneno yenu,” akasema. “Amekufa akijua kwamba huko Kitandililo anaitwa mtu aliyemtupa mke.”

Mnaona, basi? Mstari mmoja wa rula ulimnyima mfu kifo chake, ukamnyima aliye hai heshima yake.

Kazi iliyobaki ilikuwa kwenda Kitandililo. Nilimkuta mama Ema shambani anapanda viazi. Nilivua kofia, nikaanza na kosa langu kabla ya jambo lolote, ili asidhani namletea habari njema nimdai shukrani. Akauliza mumewe amezikwa wapi, nikamwambia. Akaketi juu ya tuta.

“Kwa hiyo hakuniacha,” akasema.

Akaendelea, “Miaka thelathini nimemnyima mtu huyu hata sala ya maiti.”

Nilimwomba radhi. Akasema, “Kukusamehe nitakusamehe, Karani. Lakini usinidai leo.” Kisha akainuka, akashika jembe. Sikujua niage vipi, nikachukua kikapu cha mbegu nikamfuata nyuma, tukapanda mpaka mwisho wa shamba.

Jumapili iliyofuata jina la Methusela wa Kitandililo lilisomwa kanisani, miaka arobaini baada ya kufa kwake. Mwezi wa pili mwaka huu Efraimu na Yudita walifunga ndoa, na bibi Telesia aliteremka kutoka Makete akakaa mkeka mmoja na mama Ema. Walizungumza nini, sijui. Walinyamaza kila nilipokaribia. Lakini Yosefu seremala alikwisha kufa. Hilo halina dawa, wala sitalifunika kwa shangwe za harusi ya watu.

Bwana Odilo, wewe unayekalia kiti changu, sina mausia mengi. Watakuja watu kukuuliza baba zao, mashamba yao, koo zao, na utaona aibu kuwaambia hujui. Waambie. Mahali palipoliwa na mchwa andika kwamba pameliwa na mchwa. Usisome kitabu kimoja ukakiamini. Kipeleke kikaonane na cha pili, na vyote viwili vipeleke kwa bibi kizee anayekumbuka mkono wa mumewe.

Nanyi mliokusanyika hapa, katika kijitabu kile cha mazishi nimehesabu namba sitini na tatu. Nimekwisha kuzilinganisha na daftari la zamani na kupata majina ya watu hamsini na wanane. Hakuna hata mmoja wa kwao aliyewahi kuambiwa. Bwana Shauri ameniruhusu, ingawa mimi si karani tena, nikae barazani hapa kila Jumamosi asubuhi na vitabu vyote viwili. Mwenye baba, babu au mjomba aliyebeba mzigo wa vita asirudi, na aje. Njooni na majina yao ya nyumbani, njooni na makovu yao. Wa kwanza kwenye orodha, ambaye jina lake limeliwa na mchwa, ni mtu wa Lyamkena, alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele, na alifariki tarehe 2 Septemba.

Bwana Shauri, Mtwa, Baba Mchungaji, mama Ema uliyekubali kukaa hapo mbele unisikie nikiyasema haya hadharani, na ninyi nyote: nawashukuru kwa kunitegea masikio.