Mwanao Alikalia Nini?

Basi dogo la kuingia mji wa Osh lilikuwa limejaa, Jypar akakalia sanduku la chuma karibu na mlango. Mama mmoja mtu mzima, mwenye kapu la mikate, akamkemea. "Inuka hapo, binti. Baridi ya chuma inavimbisha kizazi. Mwanangu ameshaacha wake wawili kwa mchezo huo huo. Wamekaliakalia mawe, hawakuzaa."

Jypar akaanza kuinuka. Mama mkwe wake, Uulkan, akamshika bega. "Kaa. Huyu nilimvisha suruali za sufu majira matatu ya baridi, mimba haikuja. Daktari akasema si baridi, ni maambukizi ya zamani yaliyomvimbisha ndani kimyakimya. Na mwanangu alikuwa nayo vilevile. Wakatibiwa wote wawili." Akamgusa Jypar tumbo, basi zima likiona. "Huu mwezi wa sita."

"Unamtangaza mwanao mbele za watu, mwenzangu?"

"Namtangaza. Alikwenda kupimwa kwa miguu yake."

Jypar alitamani sakafu immeze, kisha akajikuta ameinua kichwa.

Basi likasimama sokoni. Uulkan akashuka, akamshika mkwewe mkono, halafu akageuka mlangoni. "Na mwanao, mwenzangu, yeye alikalia nini?"