Matundu Kumi na Mawili ya Mzee Nukta

Tarehe 30 Juni fundi wetu wa karakana ya maabara anakabidhi funguo, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kwenye faili ana jina refu la heshima, lakini humu chuoni hata mkuu humwita Mzee Nukta. Maneno haya nimepewa kuyaandika mimi, mtunza stoo, na mkifika mwisho mtaona kwamba angefaa mtu mwingine.

Alianza kwa kutengeneza redio na mizani. Mwaka wake wa tisa, klabu ya darubini ilimletea kilengeo, kile kioo kidogo kinachokaa mgongoni mwa darubini na kuonyesha nukta nyekundu ili mtu ajue anaelekeza wapi. Walilalamika kwamba nukta ni kali mno, inameza nyota wanazozitafuta. Mzee alikifungua, akasema nukta ya namna hiyo ni mgeni anayeongea kuliko mwenyeji. Akang'oa kirungu cha kupandisha na kushusha sauti kwenye redio iliyokufa, akakiunga kwenye waya wa taa, na tangu hapo mwanga ukawa unapunguzwa kwa kidole. Kwa kuwa wanaklabu ni wasahaulifu wa kuzaliwa, akaongeza saketi ya kuizima taa yenyewe baada ya nusu saa. Betri bapa za saa akazitupilia mbali, akafunga betri mbili za kawaida kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Sura ilikuwa mbaya, lakini klabu nyingine zikaanza kuleta vyao.

Kipimo chake kilikuwa kadibodi iliyotobolewa kwa pini matundu kumi na mawili, kutoka kubwa hadi dogo kabisa, na balbu dhaifu nyuma yake. Aliingia nayo stoo kwangu, kusiko na dirisha, mchana kweupe, akafunga mlango, akabadilisha rezista, vile vipande vya kupunguza umeme, moja baada ya nyingine mpaka nukta, ikipunguzwa hadi mwisho, isifiche tundu la mwisho. Mara mbili nilisahau kwamba yumo, nikamfungia kwa kufuli nikaenda kula. Alinisamehe, ila tangu ile mara ya pili haingii kabla sijamkabidhi kufuli lenyewe mkononi.

Vilengeo mia mbili na kumi na vinne vilipita mezani kwake. Mwaka jana vitatu vilirudi. Nukta iliwaka kama kaa la moto hata ukiipunguza mpaka mwisho. Barua ya malalamiko niliiandika mimi, nikatia neno uzembe, nikaipeleka kwa mkuu bila kupita karakana. Kuuliza si ujinga, nami sikuuliza. Mzee aliisaini, akavichukua vile vitatu na kuvifungua upya.

Mwezi uliopita, nikihesabu mali kwa ajili ya makabidhiano, niliigeuza ile kadibodi. Nyuma yake kulikuwa na maandishi ya penseli, kila Ijumaa kwa miaka miwili: tarehe, na idadi ya matundu aliyoyaona. Kumi na mawili. Kumi na mawili. Kumi na moja. Tisa. Saba. Ijumaa ya barua yangu aliandika sita, na nukta haipimwi kwa tundu usiloliona.

Nilikwenda kwanza kwa mkewe, maana mbele ya Mzee mwenyewe niliona aibu. Mama alinieleza kwamba ni presha ya macho, dawa inachelewesha tu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mzee alimkataza kusema, akihofia kuondolewa mezani kabla ya siku yake. Alitaka jambo moja, kumaliza kazi akiwa bado fundi. Nami nusura nimnyime hilo kwa karatasi moja.

Nilipomwomba radhi alicheka. Alisema hujafa hujaumbika, na kwamba hata hivyo vile vitatu vilikuwa vibovu kweli. Mimi sikuweza kucheka.

Mzee Nukta, kwa niaba ya wote wenye vilengeo vya sura mbaya, ahsante. Tunakutakia maisha mema, wewe na mama. Umekataa saa ya ukutani tuliyotaka kukuzawadia, umeomba kadibodi yako, na tumeshaifungasha. Nyuma bado ina nafasi ya Ijumaa nyingi. Nitakuja na penseli, uniambie umeona mangapi nikuandikie, hata Ijumaa utakayoniambia hakuna.