Bibi Aleyamma na Dakika Kumi za Stesheni ya Nagpur

Bibi yetu Aleyamma Salve alizaliwa tarehe 9 Agosti 1944, Kozhencherry, Kerala, mtoto wa pili wa Mzee Ittyavira na Mama Sosamma. Wa kwanza alikuwa kaka yake, Kuruvilla, aliyekuwa akimbeba mgongoni kumvusha mto kwenda shule, mpaka siku alipomdondosha. Bibi alisema alidondoshwa makusudi. Babu Kuruvilla yupo hapa, atajibu mwenyewe.

Alisoma hukohuko nyumbani, na mwaka 1962 akapata nafasi ya kusomea uuguzi hapa Nagpur. Wakati huo treni ya moja kwa moja haikuwapo. Alipanda ile ya reli nyembamba hadi Ernakulam, akahamia reli pana hadi Madras, akahamia tena, akafika hapa na sanduku la bati na miguu iliyovimba. Alifuzu mwaka 1965. Alimaliza kila alichokianza, tabia ambayo wajukuu hatukuirithi sote.

Alifanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka thelathini na saba, hadi alipostaafu mwaka 2002. Wengi mliosimama hapa aliwapokea yeye. Waliogoma kulia aliwachapa kofi la matako, na wengine hawajanyamaza mpaka leo.

Tarehe 12 Januari 1969 aliolewa na marehemu Babu Shantwan Salve, mkaguzi wa mabehewa, yule anayegonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza kama yana ufa. Mungu aliwajalia watoto watatu. Lakini Kerala walikuwa wameshamtafutia mchumba wa kanisa lao. Babu Kuruvilla, aliyekuwa karani Delhi, alituma barua ya maneno mawili: “Sina dada.”

Treni za moja kwa moja kati ya Delhi na Kerala zilipoanza, miaka ya sabini, zilisimama hapa dakika kumi. Nasi tunajua: ndugu akipita stesheni yako na njaa, aibu ni yako. Basi kuanzia Mei 1976, kila likizo ya kaka yake, Bibi alikuwa jukwaani na sufuria ya wali, samaki wa mchuzi mwekundu na achari ya embe. Kaka alikaa dirishani akisoma gazeti. Sufuria haikupita kwenye nondo za dirisha, kwa hiyo mkewe, Bibi Rahelamma, alikuja mlangoni kuipokea.

“Wifi, anakula kweli?”

“Anakula! Anasema chumvi imezidi, halafu analamba kifuniko.”

Babu Shantwan alisimama mbali, penye chai, asije akamuudhi shemeji yake. Ikawa hivyo miaka ishirini na miwili.

Januari 1998 ikafunguliwa reli ya pwani ya Konkan, na watu wa Delhi wakapata njia ya pili ya kwenda Kerala, isiyopita hapa Nagpur. Watoto wa Babu Kuruvilla walitaka kuona bahari. Bibi alijua ndiyo basi tena. Lakini mwezi Mei simu ikalia.

“Wifi, sisi tunapita pwani. Yeye amegoma, anapanda ile ya zamani peke yake. Behewa la saba. Mimi sijasema kitu!”

Bibi akapika. Treni ikasimama, kaka yuko dirishani, gazeti usoni.

“Leta,” alisema.

“Haipiti hapo, kaka. Miaka yote hii hujui? Mzigo alikuwa anabeba mkeo!”

Akaja mlangoni. Akashuka hatua moja, kisha ya pili, akafunua sufuria.

“Chumvi imezidi.”

“Hujaonja!”

“Naiona.”

Akaonja palepale, amesimama, Bibi akimwangalia anavyotafuna, na wote wawili hawakusikia honi. Babu Shantwan ndiye aliyepiga kelele: “Mzee, treni!”

Babu Kuruvilla akageuka, akaona behewa la mwisho linaondoka.

“Shemeji,” alisema, “sanduku langu limo humo.”

Babu Shantwan alisema hajawahi kuitwa vizuri hivyo. Alikimbia ofisini kupiga simu, wenzake wa Balharshah, stesheni ya mbele, wakalishusha. Mgeni alikaa siku sita, na zote sita akalalamikia chumvi.

Mwaka 2021 Bibi alianza kuugua figo. Tunawashukuru madaktari, wauguzi wa zamani waliokuja zamu bila kuitwa, na majirani wa kota za reli. Alifariki nyumbani, asubuhi ya tarehe 14 Februari 2023, tukiwa tumemshika mikono. Tunamshukuru Mungu kwa miaka sabini na minane.

Jana, nikiandika majina ya aliowaacha, Babu Kuruvilla alininyang'anya kalamu. “Unaanza na watoto? Nani alimjua kwanza? Andika kaka.” Nimeandika.

Ameacha kaka, Kuruvilla Ittyavira, wifi, Rahelamma, watoto watatu, Sosamma, Vilas na Susheela, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Bwana ampe pumziko la amani. Asante, Bibi.