Visahani vya Chuma

Gracieuse alikuwa ametoka zamu ya asubuhi kwenye bohari, na ndani ya basi la Morse Road, huku ughaibuni, hakutaka kitu ila kusinzia. Lakini kwenye kiti cha mbele yake, Mkenya mmoja mwenye tai alikuwa akimwonyesha mzee wa Kikongo, aliyekutana naye hapo hapo, picha ya bastola mpya kwenye simu.

“Niliijaribu Jumamosi kwenye klabu ya shabaha, mzee. Ni ya mashindano. Inabeba risasi nane, na traiga ni laini kama kubonyeza kengele ya mlango. Shida ni moja tu, ni nzito.”

“Bon, uzito ni muzuri,” mzee akasema. “Mwenye kukufukuza nayo atachoka mbio.”

Gracieuse akameza kicheko. Usingizi ulikuwa umeshamruka.

“Hakuna anayefukuzwa! Tunapiga visahani vya chuma.”

“Visahani vilikosa nini?”

Mkenya akaeleza kwa subira ya mwalimu: kuna waamuzi, kuna saa ya kupima kasi, na kila mtu huziba masikio kwa sababu ya kelele.

“Munaziba?” Mzee akamgeukia. “Donc, sisi tulikuwa tunayafungua sana, tujue bunduki inalia upande gani.”

Gracieuse alizijua mbio za kukimbia milio hiyo. Alizikimbia wakati wa vita kwao, na mtoto mgongoni. Akajikuta ameukumbatia mkoba wake.

“Pole sana, mzee. Lakini huu ni mchezo tu.”

Basi likasimama Northland, kituo chake. Gracieuse akashuka polepole, makusudi, apate kusikia jibu.

“Nimesikia,” mzee akasema. “Na wenye kushindwa, wanakimbilia wapi?”

Mlango ukafungwa.