Shingo ya Beberu: Maisha ya Mektrida Sirili, Mama wa Klabu ya Vidole

Mektrida Sirili, ambaye majirani mlimwita Mama Hilda na vijana wenye sugu kwenye vidole gumba mlimwita Mama Gemu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Kishumundu, Uru. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Sirili na mama Magdalena, na alibatizwa siku ya Pasaka mwaka huohuo.

Mwaka 1969 mama Magdalena aliugua miguu, na kazi ya kuteremka tambarare kukata majani ya ng'ombe ikamwangukia binti huyu. Alipanda nayo kichwani mwaka mzima. Krismasi ilipofika mzee Sirili alichinja mbuzi, akagawa kwa desturi ya nyumba yake: kidari kwa wazee, mgongo kwa mama, na shingo kwa yule aliyeibeba nyumba mwaka ule. Shingo akampa Mektrida. Kaka zake walinuna, mzee akawaambia, "Atakayeteremka tambarare kesho asubuhi aje aichukue." Hakwenda mtu. Marehemu aliisimulia habari hii maisha yake yote, na kila alipoisimulia kaka zake walizidi kuwa wavivu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, kisha akajifunza ushonaji kwa masista kwa miaka miwili. Hesabu aliiweza. Kuimba hakukuweza hata kidogo, lakini kwaya ya parokia ilimvumilia hadi alipoolewa, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kwenda kumwambia.

Tarehe 22 Septemba 1979 alifunga ndoa na Aristides Melkior, wa hapahapa Uru, wakati huo mpagazi wa mlimani Kilimanjaro na baadaye mpishi wa wageni huko juu. Walijaliwa watoto wawili, Hilda na Filbert. Bwana Aristides ni mtu wa maneno machache, na watu walisema ndiyo maana ndoa ilidumu. Marehemu mwenyewe alisema ilidumu kwa sababu mume alikuwa mlimani.

Biashara zilipofunguliwa katikati ya miaka ya themanini, mitumba iliingia na cherehani ikakosa kazi. Marehemu hakukaa kulia. Alianza kwenda Tarakea, akavuka mpaka kuingia Kenya, akarudi na marobota ya mitumba, akauza sokoni Kiboriloni. Mwaka 1996 alirudi na televisheni iliyoviringishwa blanketi, pamoja na mashine ya gemu. Mzee Sirili aliletwa kuiona. Alikaa akitazama wajukuu wake wakicheza mpira kwenye kioo, mwisho akasema, "Hawa hawatoki hata jasho," akaenda zake kwenye kahawa. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na yeye mwenyewe siku hizo jasho lilikuwa halimlipi, ila hilo hakulisema.

Februari 1997 marehemu alifungua chumba cha gemu Kiboriloni, na mwaka uliofuata timu ya mashindano ikazaliwa humo: Klabu ya Vidole. Kanuni zilikuwa zake. Unaingia, unatoa shikamoo. Unanawa mikono kabla ya kushika pedi ya kuchezea. Mwenye sare za shule anarudishwa shuleni, tena kwa kusindikizwa. Siku ya mechi wachezaji walikunywa kwanza mtori wa ndizi na nyama, kwa kuwa marehemu aliamini vidole vyenye njaa vinatetemeka. Wapinzani wa Arusha walicheka sana habari ya mtori. Mwaka 1999 walifungwa, wakaacha kucheka.

Nguzo ya klabu hiyo alikuwa Shedrack, kijana wa Kilutheri kutoka Marangu. Alikuwa mpagazi pamoja na bwana Aristides, akavunjika mguu mlimani, na mguu haukurudi kuwa wa kupandia. Bwana Aristides alimleta kwa mkewe akasema, "Huyu mpe kazi ya kukaa." Kazi ya kukaa ikawa kila kazi. Shedrack alikuwa kapteni, mwalimu wa wengine na fundi wa mashine, na marehemu akiwa Tarakea yeye ndiye aliyekuwa na funguo. Mtoto wa kumzaa hakuwahi kupewa funguo zile.

Shindano kubwa lilikuwa Kombe la Krismasi, lililochezwa kwenye ukumbi wa parokia watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Waliorudi walikuja na timu zao, na majivuno yao. Desemba 2000 Vidole iliwafunga vijana wa Dar kwenye fainali, bao likiwa la Shedrack, na mfanyabiashara mmoja wa mabati akatoa zawadi ya beberu.

Hapo ndipo lilipoingia jambo lililoutesa moyo wa marehemu kuliko ugonjwa. Beberu alichinjwa siku mbili baada ya Krismasi. Kugawa nyama ni kazi ya wanaume, lakini bwana Aristides alikuwa mlimani na wageni, na marehemu akaona beberu ni wa klabu na klabu ni yake. Akagawa mwenyewe, kwa desturi ya baba yake. Kidari akapeleka kwa wazee. Mapaja yakaenda kwa wachezaji. Shingo, mbele ya watu wote, akamkabidhi Shedrack, bila kusema neno, kwa kuwa kwao mtu anayepewa shingo haelezwi.

Shedrack alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akaiweka juu ya benchi nje ya mlango, funguo juu yake, akaondoka.

Kufikia Pasaka alikuwa amefungua chumba chake Marangu, akaunda timu ya Mawenzi na wachezaji wawili wa Vidole wakamfuata. Marehemu aliposikia alisema, "Aende," na akasusa hata kumtaja jina. Miaka mitatu mfululizo Mawenzi ikaichapa Vidole kwenye Kombe la Krismasi. Mwaka 2004 Dar iliita timu moja ya Kilimanjaro kwenye mashindano yake. Klabu hizi mbili zilikataa kuungana, zikaenda zote kila moja na basi lake, na zote zikatolewa kabla ya chakula cha mchana. Huo ndio umaarufu wetu huko Dar hadi leo.

Sababu ya ugomvi ilijulikana kwa bahati tu. Mwaka 2005 bwana Aristides alialikwa kwenye sherehe Marangu, nyumbani kwa akina Shedrack hasa. Mbuzi akagawiwa, na shingo akapewa kibarua aliyekuja kuchimba choo. Bwana Aristides alirudi nyumbani akamkuta mkewe akimenya ndizi.

"Mama Hilda, yule kijana alidhani umemwita kibarua."

"Nani kasema?"

"Nimeona. Kwao shingo ni ya mtu wa kulipwa na kwenda zake."

Marehemu alimenya ndizi mbili nyingine. "Na mimi nilidhani anajua," akasema. Kisha, "Si angeuliza?"

"Na wewe si ungemweleza?"

Usiku ule hakula. Lakini hakwenda Marangu pia, wala hakutuma mtu. Ni lazima lisemwe, maana yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kumung'unya maneno: alikuwa na kichwa kigumu, na aliona mkubwa haanzi.

Juni 2006 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Chumba cha Kiboriloni kilikuwa kimeshapoa, vijana wamehamia kwenye intaneti. Siku moja alimwita mdogo wake Gladness, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, akamwagiza akakate jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani la baba yao, alifunge fundo, alipeleke kwa Shedrack. Kila Mchagga anajua isale likiletwa kuombea msamaha halikataliwi. Ndugu walipinga, wakasema mkubwa hampelekei mdogo isale. Akawajibu, "Basi nitakuwa wa kwanza. Mtanizoea."

Shedrack alimkuta Gladness mlangoni na jani mkononi, akarudi nyuma hatua moja. "Mama mdogo, hili siwezi kulipokea. Mimi ndiye niliyeondoka."

"Hayo kamwambie mwenyewe. Pokea."

Akapokea, na jioni hiyohiyo akawa Uru.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umenenepa. Kaa hapo." Alimpa mtori kwanza, akamngoja amalize. "Kwenu shingo ni ya nani?"

"Ya kibarua, Mama. Au mpita njia."

"Kwa baba yangu ni ya anayeibeba nyumba. Mimi nilipewa mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na moja. Sikuwa nimempa mtu mwingine kabla yako."

Shedrack alilia kama alivyolia alipovunjika mguu, na bwana Aristides, aliyekuwepo mara zote mbili, ndiye shahidi. Marehemu hakulia. Alimrudishia funguo.

Krismasi ya 2006 klabu mbili zilicheza kama timu moja, jina lake Vidole vya Mawenzi. Marehemu alibebwa kwenye kiti hadi ukumbini. Walifungwa nusu fainali na vijana wa Dar, na alikasirika ipasavyo. Alikuwa na furaha, na alisema hivyo, jambo ambalo hakulisema mara nyingi.

Kuanzia Mei mwaka huu hali yake ilibadilika. Shedrack alimpeleka hospitali kwa zamu na Filbert, na Hilda alirudi kutoka Mwanza kumuuguza. Mzee Sirili, ambaye Mungu amemweka hadi leo, alikuja kumwona na mkongojo wake, akamwuliza kama wale wa kwenye kioo bado hawatoki jasho. Marehemu aliaga dunia Jumapili tarehe 2 Septemba 2007, alfajiri, akiwa amepokea sakramenti zote.

Ameacha baba, mzee Sirili, mume, Aristides, mdogo wake Gladness na kaka zake wawili, watoto watatu, Hilda, Filbert na Shedrack, na wajukuu watano. Jina la mtoto wa tatu limeandikwa kwa agizo la marehemu, naye Shedrack ndiye atakayetangulia mbele ya jeneza akiwa amebeba msalaba. Ndugu wenye swali walipaswa kumwuliza mwenyewe akiwa hai, na tunajua kwa nini hawakumwuliza.

Mbuzi wa kumaliza matanga atachinjwa Jumamosi. Marehemu ameshagawa. Kidari ni cha baba yake. Shingo ni ya Shedrack, apewe mbele ya watu wote, na safari hii mwenye kumpa aseme kwa sauti ni kwa nini.

Mektrida, mzigo umeutua. Bwana akupokee, ulale salama.