Kona ya Machimbo: Maisha ya Mama Yetu, Fundi Bushi

Ndugu, jamaa na majirani, tumekuja kumsindikiza mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Bushi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958 katika nyumba za reli, kitindamimba wa baba mpiga chapa na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda cha sabuni, kisha chuo cha ufundi, akiwa msichana pekee katika darasa la magari. Mwalimu alipouliza jointi ya usukani hufanyaje kazi, alisimama akazungusha mkono begani. "Ni hivi, Mwalimu: kichwa cha mviringo ndani ya kikombe. Tairi linapanda na kushuka, na bado linakata kona." Darasa zima likacheka, naye akacheka nao.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika gereji ya mabasi. Kazi aliyoipenda ni kubadilisha bushi, zile raba zinazokaa katikati ili vyuma visilane. Alikuwa mkali kwa jambo moja: nati za bushi zisikazwe gari likiwa limening'inia kwenye jeki.

"Lishusheni kwanza lisimame kwa miguu yake," alisema. "Raba ukiifunga imejipinda, itavuta kurudi ilikotoka mpaka ichanike."

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na baba yetu, dereva, mtu mpole kupita kiasi. Wakajaliwa dada yangu na mimi. Asubuhi ya tarehe 3 Agosti 1999, mama alimfungia baba jointi mpya kwenye gari lake. Jioni gari lilipinduka kwenye kona ya machimbo ya mawe, baba akafariki papo hapo. Watu hawakukawia: "Mke fundi, mume kafa kwa usukani!" Wateja wa gereji aliyokuwa ameifungua mwenyewe wakamkimbia. Mama alilivuta gari hadi nyumbani akalifungua lote. Jointi zilikuwa nzima, nati zimekazwa. Nani angemwamini?

Akalifufua gari. Nalo kila lilipofika kona ile, lilivuta kushoto. Alidhani jointi imekauka, maana jointi kavu huufanya usukani ukatae kurudi wenyewe. Akabadilisha jointi, tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, na bushi zote. Kwingine kote lilinyooka kama uzi, lakini konani, kushoto tu.

Wifi yake alimsihi, "Liuze kama chuma chakavu, wifi. Hili si gari tena."

"Linataka kitu," mama akajibu. "Ngoja nilisikilize."

Alasiri moja ya mwaka 2001, wifi akiwa kando yake, alifika konani akaondoa mikono kwenye usukani. Gari likaacha lami taratibu, likafuata njia ya vumbi ambayo hawakuwahi kuipita, likasimama mbele ya nyumba ndogo ya mawe. Mwanamke akatoka, akaliona gari. Nyuma yake alichungulia mtoto wa kike.

"Nilijua litakuja," alisema. "Huyu alikimbilia barabarani. Mumeo akamkwepa. Mimi... mimi niliogopa kusema."

Mama hakumkaripia. Aliketi kizingitini akalia kilio alichokuwa amejinyima tangu mazishi. Kesho yake mwanamke yule alifika gerejini akayasema hayo mbele ya watu. Gari halikuvuta tena, na mama aliapa hakugusa hata nati moja.

Machi 2023 figo zilianza kumsumbua. Tarehe 11 Juni 2024, mchana, akiwa kitandani nyumbani, aligeukia mlango.

"Mwanangu, mfungulie baba yako. Mbona mnamwacha nje na jua lote hili?"

Dada aliinuka, akafungua. Uani hapakuwa na mtu. Mama akajisogeza ukutani, kama anayempisha mtu nafasi kitandani, akakata roho.

Ameacha binti, mwana, wajukuu watatu, wifi yake, na yule msichana wa machimboni, aliyemwita mama na ndiye aliyemuuguza. Mungu amlaze pema, apumzike kwa amani.